Mhariri wa Kurasa za Zahanati

Neno "vizuri" ndilo lililotukutanisha. Siku niliyoanza kazi pale Tunduma nilipewa ukurasa wa kuchapa, umeandikwa kwa mkono na daktari mmoja wa wilayani, na ndani yake mlikuwa na sentensi isemayo: safisha kidonda vizuri, kisha kifunge vizuri. Nikaichapa kama nilivyoiona. Mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, akaja akasimama nyuma yangu na kuisoma sentensi ile kwenye kioo cha kompyuta.

"Vizuri ndiyo nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

"Najua ilivyoandikwa. Nakuuliza ndiyo nini. Wewe uko huko bondeni Momba, mtu amekatwa panga, maji yako kwenye ndoo, mbele yako kuna ukurasa huu. Utafanya nini?"

Nikaisoma tena ile sentensi.

"Umeona? Hilo siyo neno, hilo ni shimo. Lifute."

Nikalifuta. Tangu siku hiyo mpaka leo siwezi kuandika neno lile bila kuangalia nyuma yangu.

Sisi tulimwita Mhariri. Wauguzi wa zahanati walimwita Mama Mhariri, na wengine waliokuwa hawajawahi kumwona walidhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuandika na kutunza kitu tulichokiita Msaada: kurasa za maelekezo zilizokuwa ndani ya kompyuta za zahanati, kuanzia Mbozi juu kwenye kahawa hadi bondeni Momba kwenye joto na ng'ombe. Mhudumu aliyekwama alibonyeza kitufe, akaandika neno, mathalani kuharisha, au kifafa cha mimba, na ukurasa ukafunguka ukimwambia aanze na nini, afuatishe nini, na wakati gani aache kujaribu na kutafuta gari. Mradi ulikuwa wa wafadhili, ofisi ilikuwa vyumba vitatu ghorofani, juu ya duka la magodoro, na chini yetu malori yalipanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia usiku na mchana. Honi zilipozidi, Mhariri alifunga dirisha. Vumbi lilipopungua, alilifungua. Hakuwahi kulalamikia malori. Alilalamikia maneno.

Alikuwa amewahi kuwa tabibu. Hilo alilisema mara chache na hakulieleza. Nilichokijua ni kwamba aliwahi kukaa miaka mingi katika zahanati za mbali, peke yake, na kwamba aliacha kutibu akaanza kuandika. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, "Nilichoka kuwa na mikono miwili tu." Sikumuuliza tena.

Kila ukurasa mpya aliupima kwa mama aliyeuza vitumbua pale chini kwenye ngazi. Yule mama alikuwa Mnamwanga, Kiswahili chake kina mlio wa kwao, na alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Mhariri alimshushia karatasi, akamwambia, "Nisomee, mama, kwa sauti." Yule mama akifuta mafuta mikononi akasoma. Pale aliposita, Mhariri aliweka alama. Hakumsahihisha. Aliirudisha karatasi juu akaivunja ile sentensi vipande viwili, akashuka tena. Kuna ukurasa wa kondo la nyuma lililogoma kutoka ambao ulipanda na kushuka ngazi zile mpaka vitumbua vikaisha na wateja wakaanza kuulizana kuna nini.

"Aya ndefu ni kaburi," alikuwa akisema. Aliamini kwamba mtu mwenye hofu hasomi zaidi ya mistari michache, kwa hiyo ukurasa lazima uwe mfupi, hatua chache, na mengine yote yafichwe mahali ambapo msomaji atayafikia akiyataka. Programu yetu ya zamani ya kuandikia ilimpa njia ya kufanya hivyo. Uliweza kuchukua neno na kulipigia nukta za kijani kwa chini. Msomaji akilibonyeza, kikachomoza kidirisha kidogo chenye maelezo, akikibonyeza tena kikaondoka. Mhariri alivipenda vidirisha vile. Vipimo vya dawa, tahadhari, majina mengine ya ugonjwa, vyote aliviweka humo. Ukurasa ukabaki mweupe na mwepesi, na wauguzi wakamsifu kwa hilo.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu asiyefuata maelekezo ya mtu yeyote. Simu yake ya kwanza aliibonyeza mpaka ikajifunga, nikaifungua, akaifunga tena. Birika la umeme aliliunguza kwa kuliwasha bila maji. Mwandiko wake haukusomeka hata kwake. Kanisani, na alikuwa mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, alikaa kiti cha nyuma kabisa na hakuimba. Aliwahi kuniambia kwamba nyimbo zina maneno mengi yasiyo na kazi. Na bado, alipoingia mama wa Kizambia aliyepita ofisini kuuza vitenge, Mhariri aligeuka mtu mwingine, akamsalimu: "Mwapoleni, mukwai!" na wakakaa wakibishana kwa Kibemba na kucheka mpaka Mratibu wetu akatoka chumbani kwake kuangalia. Hakununua. Siku nyingine alinunua kitenge kisichompendeza, akampa mama wa vitumbua.

Alikuwa mkali. Sitaki kumpamba. Aliwahi kumliza mchapaji mmoja kwa sababu ya nukta katika kipimo cha dawa, nukta iliyokaa mahali pasipo pake na kukifanya kipimo kuwa mara kumi. Mchapaji akasema ni bahati mbaya. "Bahati mbaya," Mhariri akamwambia, taratibu kabisa, "ni radi." Yule dada hakurudi kesho yake. Mhariri akashika kazi ya yule dada pamoja na yake mwenyewe kwa miezi, bila kunung'unika, na bila kukiri kwamba amemkosea.

Ndivyo tulivyoishi mpaka zilipokuja kompyuta mpya.

Za zamani zilikuwa zinakufa. Joto la bondeni, vumbi, panya, betri za sola zilizochoka. Kila mwezi zahanati moja au mbili zilipiga simu kusema mashine imezima na haiwaki. Wafadhili wakaleta mpya, nzuri, nyepesi. Nikaweka Msaada ndani ya ya kwanza, nikabonyeza. Likatokea tangazo la Kiingereza likisema, kwa ufupi, kwamba faili za aina hii hazifunguki tena. Nikajaribu ya pili. Vilevile. Waliotengeneza mashine walikuwa wamesonga mbele, na kitu tulichokijenga kwa miaka kilikuwa kimebaki ng'ambo.

Nikamwita Mhariri. Akasoma lile tangazo, akavua miwani.

"Maana yake nini, Fundi?" Ndilo jina alilonipa, kwa kuwa mashine nazo nilizitengeneza mimi.

"Maana yake tuhamie kwenye programu mpya ya uandishi. Ipo. Ina njia ya kuzichukua kurasa za zamani na kuzigeuza."

"Zote?"

"Yenyewe inasema zote."

"Yenyewe inasema," akarudia.

Tulipoagiza programu mpya na kuihamishia kurasa, kazi ambayo nilidhani ingechukua siku nzima iliisha kabla chai haijapoa. Kwa mbali ilionekana sawa. Majina ya kurasa yalikuwepo, faharasa ilikuwepo. Kisha tukaanza kufungua. Hatua zilizokuwa moja mpaka saba zilikuwa zimeanza upya katikati, moja, mbili, tatu, moja, mbili. Majedwali mengine ya vipimo yalikuwa yamemwagika, uzito wa mtoto huku, kiasi cha dawa kule. Rangi nyekundu ya hatari, ambayo Mhariri aliipaka kwa mkono neno kwa neno kwa miaka, ilikuwa imefutika yote; programu mpya iliiona kama uchafu ikausafisha. Na vidirisha vingine vilikuwa vimekuja, vingine havikuja. Hakukuwa na utaratibu niliouelewa. Palipokosekana kidirisha hapakuwa na kovu lolote: nukta za kijani zimetoweka, neno limekaa jeusi kama wenzake, na sentensi inasomeka.

"Hii ni nyumba iliyohamishwa na walevi," Mhariri akasema. "Vyombo vipo, lakini godoro liko jikoni, na hatujui kilichoanguka njiani."

Kulikuwa na njia moja tu. Tukaweka kompyuta moja ya zamani iliyokuwa bado inapumua upande huu wa meza na mpya upande ule, yeye akasoma kwa sauti kutoka ya zamani, mimi nikafuata kwenye mpya kwa kidole. Kila neno lenye nukta za kijani akasema "kidirisha," nami nikabonyeza upande wangu. Kama kilichomoza, tukaendelea. Kama hakikuchomoza, nikakiandika upya. Alianza na kurasa za wajawazito na uzazi. Hakuniuliza na sikumuuliza. Nilimwona tu jinsi alivyozisoma, sauti imeshuka, kama anayesoma majina ya watu. Baada ya hapo watoto wachanga, kisha kuhara, kisha majeraha na sumu na kuumwa na nyoka. Umeme ulikatika, tukakaa gizani mchana tukisubiri, tukaanza tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kubeba magunia.

Wakati huo simu ziliendelea kuingia. Hizo ndizo zilizomvunja, siyo wafadhili. Mratibu wetu, mtu mpole, mwenye haraka ya kudumu, alikuja kila wiki kusema Dar wanauliza, na Mhariri alimwangalia kama anavyoangaliwa mbuzi aliyeingia ofisini. Lakini muuguzi alipopiga kutoka bondeni akasema, "Mama, mashine mpya haina Msaada, ya zamani imekufa, nimebaki na kichwa changu tu," Mhariri aliweka simu chini na kuupoteza mstari tuliokuwa tumeufikia. Siku moja muuguzi wa Igamba alipiga akilia. Alikuwa amempoteza mama wakati wa kujifungua, damu. Alisema huenda angempoteza tu. Alisema pia kwamba hakukumbuka mpangilio wa hatua.

Mratibu akaitisha kikao. Tulikuwa watatu tu mezani.

"Zimebaki kurasa zipi kukaguliwa?" akauliza.

"Ngozi," nikasema. "Macho. Meno. Na malaria."

"Malaria!" Mratibu akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. "Mama, malaria hata mlinzi wetu anaitibu. Nani atafungua kompyuta kwa ajili ya malaria? Tuzipeleke."

Nilikuwa nimekaa karibu na Mhariri, niliona kidole chake kikipita juu ya ukingo wa meza, mbele na nyuma. Huyu ni mtu aliyewahi kuuzuia ukurasa wa minyoo kwa sababu ya neno "mara kwa mara". Nilijua atasema hapana.

"Ziende," akasema. "Bora nusu ya chakula kuliko njaa. Yaliyobaki tutayafuatisha."

Zikaenda zote, zilizokaguliwa na ambazo bado. Nilizunguka mwenyewe na pikipiki kuziweka, Ihanda, Nanyala, nikashuka mpaka bondeni. Wauguzi walinishika mikono. Mmoja alinipa jogoo.

Habari ilikuja mvua zikiwa zimechanganya. Katika zahanati moja ya bondeni tabibu alikuwa ameitwa wilayani, muuguzi alikuwa likizo ya uzazi, na aliyebaki alikuwa mhudumu wa afya, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye kazi yake kwa sheria ilikuwa kupima uzito, kusafisha, kuandikisha. Baba mmoja, mfugaji aliyehamia huko kutoka Usukumani, akafika na baiskeli, mtoto wake wa kike mgongoni mwa mama yake, ana degedege, macho yamepanda. Barabara ilikuwa matope matupu. Gari la wagonjwa halikuweza kufika. Yule binti akafungua Msaada, akaandika malaria kali. Ukurasa ukafunguka, mfupi, safi. Hatua mojawapo ilisema: mpe kwinini kwa njia ya mshipa, kwa kipimo cha uzito wake.

Kwenye ukurasa wa zamani neno kwinini lilikuwa na nukta za kijani. Ukilibonyeza, kidirisha kilisema dawa ichanganywe kwenye maji ya glukosi na kuingia polepole kwa dripu, kwa saa kadhaa, na chini yake, kwa nyekundu: usidunge moja kwa moja kwenye mshipa. Kwenye ukurasa mpya neno lile lilikuwa jeusi. Binti akapima mtoto, akasoma jedwali, akavuta dawa kwa sindano kwa kipimo sahihi kabisa, akatafuta mshipa, akaupata. Alifanya kila kitu ukurasa ulichomwambia. Mtoto akafa mikononi mwake.

Tabibu wao ndiye aliyepiga simu. Mhariri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, akaja mezani kwangu. "Fungua malaria kali," akasema. Nikafungua pande zote mbili. Akabonyeza neno la upande wa zamani, kidirisha kikachomoza. Akalibonyeza la upande mpya. Akalibonyeza tena. Akaendelea kulibonyeza, nami nikamshika mkono ndipo akaacha.

"Ni programu, Mama," nikasema. "Ni wakati wa kuhamisha."

"Programu haikuandika ukurasa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Onyo kama lile nani alilitia ndani ya kidirisha? Nani alisema ukurasa uwe mwepesi? Hata kwenye ule wa zamani, Fundi, mtu asingebonyeza, angeua."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nadhani yeye aliliwaza palepale, katika ule muda wa kidole kugonga, na halikumwacha tena.

Mratibu hakutaka aende bondeni. Alisema mambo haya yana utaratibu, kwamba mganga wa wilaya mwenyewe ameshasema mtoto aliletwa amechelewa na huenda asingepona kwa vyovyote. Alikatalia gari. Mhariri akapanda basi, nami nikapanda naye, na kutoka basi lilipoishia tukachukua pikipiki mbili, tukafika nguo zote zikiwa rangi ya udongo.

Yule baba alitupokea uani, ng'ombe wakiwa wameanza kurudi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kusema, Kiswahili chake cha kuvuta. Mkewe alikaa mbali kidogo, amefunika kichwa, hakuja. Mhariri alikataa kiti mpaka amalize. Akaeleza yeye ni nani, akaeleza kurasa, akaeleza neno lililokosa kidirisha. Hakuzunguka.

Baba akasikiliza. "Kwa hiyo ni kompyuta," akasema.

"Hapana. Ni mimi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Yule binti alikuwepo." Akaangalia ng'ombe wake. "Alimshika mwanangu mpaka akapoa. Tulipomwambia amlaze chini hakutaka. Alitembea na sisi mpaka hapa kwa miguu, kwenye matope, amembeba yeye. Wewe mama umekuja na maneno. Mimi nimeyasikia. Sina cha kukufanya, na wewe huna cha kunifanyia."

Kisha, kwa sababu wageni ni wageni, akaagiza tuletewe maziwa mgando. Mhariri akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka akamaliza.

Huko wilayani kulikuwa na kikao cha kumjadili yule binti. Mhariri akaenda bila kuitwa, akakaa kwenye benchi nje tangu asubuhi, akaruhusiwa kuingia mchana. Aliwaambia kosa lilikuwa la ukurasa, na ukurasa ni wake. Walimsikiliza kwa heshima. Wengi wao walikuwa wanazijua kurasa zake. Mwenyekiti akamjibu, "Mama yangu, yote uliyosema tumeyapokea. Lakini hata kama ukurasa ungekuwa mzima, mhudumu hana ruhusa ya kushika sindano ya mshipa. Angetakiwa afanye nini? Angetakiwa asifanye kitu."

"Amwangalie mtoto anakufa," Mhariri akasema.

"Sheria haisemi hivyo."

"Inasema nini?"

Mwenyekiti akafunga faili. Binti akaachishwa kazi. Alipotoka, Mhariri alimfuata mpaka kwenye lango akamwita, na yule binti akaongeza mwendo.

Nilidhani Mhariri ataacha kazi siku ileile. Hakuacha. Alirudi mezani, akaanza na malaria, akayatoa maonyo yote ndani ya vidirisha na kuyapanga juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kabla ya hatua ya kwanza. Kurasa zikawa ndefu, nzito, mbaya kwa macho, na mama wa vitumbua aliposoma alisita kila mahali. Mhariri akamwambia asite tu, kusita siyo vibaya. Tukamaliza malaria, macho, meno, ngozi. Kisha akarudi kwenye kurasa za wajawazito tulizokwisha kuzimaliza, akaanza upya kabisa. Alikonda. Hakubishana tena na mama wa Kizambia; alipoingia alimwitikia na kuendelea kusoma. Mratibu aliogopa kumwambia chochote.

Ukurasa wa mwisho ulipokwisha, ilikuwa mchana, malori yanaunguruma kama kawaida. Akazima ile kompyuta ya zamani, akachukua mkoba wake. "Umefanya kazi, Fundi," akaniambia, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kwake. Hakurudi. Kwenye uzinduzi, wageni walipokuja kutoka Dar na kupiga makofi, jina lake halikutajwa. Nadhani Mratibu aliona ni kumhurumia.

Ikapita miaka. Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, mimi nikafungua duka la kutengeneza kompyuta na simu palepale Tunduma. Nilisikia tu kwamba yuko Igamba na miti yake ya kahawa, anaishi peke yake, haongei sana na watu.

Nilikutana naye siku ya gulio, kwenye mitumba. Alikuwa amezeeka haraka, mgongo umepinda, amesimama mbele ya meza ya blauzi bila kugusa kitu. Nikamwamkia. Akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Nikaangalia aliyekuwa nyuma ya meza, nikamjua: yule binti wa bondeni, sasa mama mtu mzima, mtoto mgongoni, anakunja nguo haraka haraka, macho chini.

"Huwa nakuja," Mhariri akaniambia. Hakueleza zaidi.

Yule mama akamaliza kukunja, akasema bila kuinua macho, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hali yako?"

"Nzuri. Leo unachukua nini?"

"Chochote. Nichagulie."

Yule mama akashika blauzi, kisha akaiacha. "Mama, nikuombe kitu. Usije tena."

Mhariri akafunga mkoba aliokuwa ameufungua.

"Siyo kwa ubaya. Najua ulinisemea kule. Lakini mimi siku ile nilishaacha kuiona. Nalala, nakula, nina watoto. Sasa naiona siku za gulio tu, nikikuona unakuja pale kwenye kona."

Watu walipita katikati yetu, mtu akauliza bei ya suruali na hakujibiwa. Mhariri alikuwa anatafuta neno. Mimi niliyemjua kwa miaka, niliyemwona akiyafuta maneno ya madaktari na kuweka yake bila kusita, nilimwona akilitafuta na kulikosa. Mwishowe alisema, "Nimekusikia, mwanangu," akageuka.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Alipopanda gari la kwenda kwao alikaa upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.

Magulio mawili matatu yalipita. Siku moja nikapita kwenye ile meza ya blauzi nikiwa na haraka zangu, na yule mama akaniita.

"Kaka. Yule mama haji siku hizi? Anaumwa?"

"Si ulimwambia asije?"

"Ndiyo," akasema. "Nilimwambia." Akaangalia kule kwenye kona, kisha akachukua blauzi nyingine akaitundika.